UZI: Kuiga marumaru kwa rangi kwenye maketi ndogo, kwa mfano wa Banda la Barcelona katika skeli ya 1:50

Bandiko #1, mleta uzi (Dar es Salaam)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimetengeneza maketi, yaani mifano midogo ya majengo, kwa miaka kumi na mbili sasa, nyingi zikiwa za wasanifu majengo na wanafunzi wao, na hakuna hatua ya kazi hii inayonipa taabu na furaha kwa pamoja kama kuiga marumaru kwa rangi. Wiki iliyopita nilimaliza maketi ya Banda la Barcelona, na mwanafunzi mmoja aliyeitazama aliniuliza ni duka gani linalouza zile karatasi zenye picha ya jiwe. Hakuna karatasi hata moja ndani ya maketi ile. Kila ukuta umepakwa kwa mkono, kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu jinsi kazi ilivyofanyika, pamoja na mahali ilipoharibika.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Huku kwetu mtu akisema amepiga marumaru sebuleni, mara nyingi anazungumzia vigae vya kiwandani, na vigae hivyo vingi vimechapishwa picha ya jiwe juu yake. Macho yetu yamezoea picha hiyo, na ndiyo maana fundi wengi wanapoiga marumaru huiga kigae, yaani huchora mistari ya kijivu juu ya weupe mtupu na kuona kazi imekwisha. Mimi naomba tuanzie kwenye jiwe lenyewe.

Marumaru ni jiwe la chokaa lililozikwa ardhini kwa kina kirefu, likapata joto na mgandamizo hadi chembe zake zikageuka kuwa fuwele zilizoshikana za kalisaiti, yaani madini makuu ya chokaa. Ndani ya mwamba wa namna hii ndimo wachimbaji wa Mahenge wanamopata vito vya rubi na spineli. Udongo wa mfinyanzi na oksidi za chuma zilizokuwa ndani ya chokaa ndizo zinazoleta kijivu, njano na wekundu. Mshipa nao, mara nyingi, ni ufa wa kale: jiwe lilipasuka, maji yenye madini yakapita katika ufa huo, yakaacha madini yakaganda humo, na jiwe likaungana tena. Anayetaka kujifunza kuchora mshipa asianze kwa kutazama kazi za wachoraji wengine. Atazame ufa wa plasta ukutani kwake, au tope la bwawa lililokauka. Ataona kwamba ufa hugawanyika mithili ya panda ya manati, na ni nadra nyufa mbili kukatizana kama alama ya kujumlisha. Ataona kwamba unene wake hubadilika ghafla, kwamba nyufa za eneo moja huelekea upande mmoja kwa jumla, na kwamba wakati mwingine ufa hukatika ukaendelea hatua chache pembeni kwa sababu mwamba ulisogea.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kiini cha uzi huu, ni umbali. Maketi ya skeli ya 1:50, yaani ndogo mara hamsini kuliko jengo, ukiitazama ukiwa umbali wa sentimita 40, macho yako yamesimama mita 20 kutoka kwenye jengo halisi. Mshipa wenye unene wa milimita 5 kwenye jiwe unakuwa milimita 0.1 kwenye maketi, na kwa umbali huo jicho la mtu mwenye afya linakaribia ukomo wake wa kuona. Brashi nyembamba niliyo nayo, namba 000, ikishikwa na mkono uliotulia hutoa mstari wa karibu milimita 0.2 au 0.3. Maana yake ni kwamba mstari mwembamba kuliko yote ninaoweza kuuchora ni sawa na mshipa wa sentimita moja au moja na nusu kwenye jiwe halisi. Basi mtu anayejaza ukuta wa maketi kwa mistari myembamba iliyo wazi hajaongeza uhalisia hata kidogo, kwa sababu amechora jiwe lenye nyufa nene ambazo hakuna mjenzi angezikubali. Mtu aliyesimama mita 20 kutoka kwenye ukuta huona mawingu ya rangi, mishipa mikubwa michache ambayo kingo zake zimelainika, na mistari ya maungio kati ya bamba na bamba. Hayo ndiyo ya kupaka. Tunachopaka ni umbali uliopo kati ya mtazamaji na jiwe.

Sasa niwaeleze jengo lenyewe. Ludwig Mies van der Rohe alilibuni kama banda la Ujerumani kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Barcelona ya mwaka 1929. Lilibomolewa mwaka 1930, kisha likajengwa upya palepale kati ya 1983 na 1986. Nimelichagua kwa sababu uzuri wake karibu wote umo katika mawe. Ujenzi mpya ulitumia aina nne: travatini ya Roma (jiwe la chokaa lenye vijitundu), marumaru ya kijani ya milima ya Alpi, marumaru ya kijani ya kale kutoka Ugiriki, na oniksi ya rangi ya dhahabu kutoka milima ya Atlas. Ukuta wa oniksi ndio moyo wa jengo. Mies alipata bonge la oniksi na akaamua kimo cha jengo kiwe mara mbili ya kimo cha bonge hilo, kiasi cha mita 3.1. Kwenye maketi yangu kimo hicho ni milimita 62, mfupi kuliko kidole changu cha shahada.

Bamba zote nilizikata kwenye pespeksi, yaani plastiki ngumu, ya milimita 2, nikazisugua kwa msasa wa maji namba 800, nikapulizia praima ya kijivu, na baada ya siku moja nikasugua tena. Uso wa chini usipokuwa laini kabisa, hakuna rangi itakayouficha ubaya huo, kwa kuwa kazi yote itaishia kwenye vanishi ya kung'aa, na mng'ao hufichua kila kovu.

Travatini ilikuwa rahisi. Vijitundu vyake maarufu havionekani kutoka mita 20, kwa hiyo sikuvigusa. Niligawanya sakafu kwa mistari ya penseli ngumu katika miraba ya milimita 22, kwa kuwa sakafu ya jengo imepangwa kwa miraba ya karibu mita 1.1, nikapulizia rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, halafu nikafunika baadhi ya miraba kwa utepe na kuipitishia nyingine tone la kahawia lililochujuka sana. Tofauti kati ya mraba na mraba ni ndogo kiasi kwamba ukiutazama mmoja peke yake huioni, lakini sakafu nzima inapumua.

Nitaendelea na kijani na oniksi nikipata nafasi jioni. Wenye maswali wayaweke.

Bandiko #2, mchangiaji (Leicester, Uingereza)

Shukrani sana kwa uzi huu, kaka. Mimi na binti yangu tunajenga nyumba ya wanasesere kwa skeli ya 1:12, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi huku, hata ile nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary iliyopo Windsor, aliyoibuni Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, ni ya skeli hiyo. Tumepaka sehemu ya kuotea moto kwa weupe wa Carrara, yaani marumaru nyeupe ya Italia. Nilipaka mishipa laini kama unavyoshauri na sasa ukuta unaonekana kama umechafuliwa na moshi. Je, hesabu yako ya umbali inabadilika kwa skeli yetu?

Bandiko #3, mleta uzi

Inabadilika sana, dada, na nashukuru umeliuliza mapema. Kwa skeli ya 1:12, mtazamaji aliye sentimita 40 kutoka kwenye chumba chenu amesimama mita 4.8 kutoka kwenye jiwe. Mtu aliye umbali wa karibu mita tano huuona mshipa wa milimita 5, tena ana haki ya kuudai. Kwa hiyo ninyi mnahitaji tabaka mbili: mishipa mizuka, yaani iliyofifia, chini, na mishipa michache iliyo wazi juu yake.

Tabaka hizi zina sababu yake katika jiwe. Kalisaiti hupitisha mwanga kidogo, kwa hiyo marumaru nyeupe haina uso mmoja. Mwanga huingia ndani kidogo kabla ya kurudi machoni, na mshipa ulio chini ya uso huonekana kama umevikwa shela. Rangi tunayoipaka mara moja haina kina hicho, na ndiyo inayotoa sura ya moshi au uchafu.

Jaribu hivi. Usianze na weupe mtupu, anza na weupe uliotiwa tone la kijivu. Kijivu chenyewe usikichanganye kwa nyeusi na nyeupe peke yake, maana hutoka na ubluu mkali. Ongeza chembe ya kahawia ya amba mpaka kitulie. Chora mishipa minene kiasi, na kabla haijakauka ipitie kwa brashi pana, laini na kavu, ukielekea mshipa unakokwenda, halafu mara moja kwa kuukatiza. Ikikauka, funika uso wote kwa weupe uliochujuliwa sana kwa kiowevu cha kuangazia (kile kinachochanganywa na akriliki ili ipitishe mwanga), si kwa maji matupu, kwa sababu maji mengi huvunja nguvu ya rangi ya akriliki na kuacha madoa ya duara. Rudia mara tatu au nne, huku kila mara ukiongeza mshipa mmoja au miwili na kuacha mingine izame. Mwishoni kabisa chora mishipa iliyo wazi, isizidi mitatu kwa sehemu nzima ya moto, na mmoja kati ya hiyo uanzie kwenye mshipa mzuka uliopo tayari, kana kwamba umepanda juu kutoka kilindini.

Ushauri mwingine kwa weupe: tumia akriliki, usitumie rangi ya mafuta. Nyeupe ya mafuta hugeuka njano kadiri miaka inavyopita, na huzidi inapowekwa mahali pasipo mwanga, na ndani ya nyumba ya wanasesere kuna giza muda mwingi.

Bandiko #4, mchangiaji (Muscat, Oman)

Assalaam alaykum, wanajamvi.

Naunga mkono hoja ya umbali kwa ushahidi wa macho. Baada ya kusoma bandiko la kwanza nilikwenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao kuta zake za ndani zimevikwa marumaru nyeupe na ya kijivu kilichoiva. Nilisimama karibu kabisa na ukuta, kisha nikarudi nyuma hatua kwa hatua nikihesabu. Kitu cha kwanza kupotea ni vile vinyweleo vyembamba, yaani mishipa midogo kabisa. Baadaye kingo za mishipa mikubwa zikaanza kuyeyuka. Nilipofika hatua ya ishirini na tano hivi, kilichobaki ni mgawanyiko wa bamba, tofauti ndogo ya weupe kati ya bamba moja na jingine, na taswira ya mwanga juu ya uso uliosuguliwa. Hilo la mwisho sijaona umelitaja. Je, mng'ao nao hupunguzwa kwa skeli?

Naongeza pia kwamba marehemu babu yangu alikuwa mpaka rangi wa majumba, na aliiga marumaru kwenye nguzo kwa unyoya wa bata bukini uliochovywa kwenye rangi ya mafuta. Alisema brashi humtii mchoraji kupita kiasi, na unyoya una ukaidi unaofanana na wa jiwe.

Bandiko #5, mleta uzi

Wa alaykum salaam, sheikh wangu. Hiyo safari ya hatua ishirini na tano imenifaa kuliko picha zote nilizokusanya, na kauli ya babu yako nitaitunza. Unyoya ni chombo cha kale cha kazi hii na kwa nguzo za majumba hauna mpinzani. Kwenye bamba la milimita 62 nimeujaribu ukawa mkubwa mno, lakini nimeona kwamba unyoya mmoja tu, ule mfupi wa ubawa wa kuku, ukipunguzwa kwa mkasi hadi ubaki na nyuzi tano au sita, hutoa mishipa inayokwenda sambamba na kuachana kwa namna ambayo mkono wangu haujui kuibuni.

Kuhusu mng'ao nitajibu baada ya kueleza kijani na oniksi, kwa sababu ndipo nilipopata msiba.

Marumaru ya kijani ya Alpi, kwa wanajiolojia, si marumaru kamili. Ni mwamba wa sapentini, madini ya kijani, uliovunjikavunjika na kuunganishwa na kalisaiti nyeupe, ingawa wauza mawe wote huuita marumaru. Kwa mpaka rangi tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu jiwe hili halina mishipa inayopita juu ya uwanja mtulivu kama Carrara. Lina vipande, na weupe ni saruji iliyojaza nafasi kati ya kipande na kipande. Anayeanza kwa kuchora mishipa myeupe juu ya kijani amekwishapotea njia. Inabidi kuanza na vipande.

Nilipaka kijani kinachokaribia weusi, nikalinda kwa vanishi ya akriliki, kisha nikapaka juu yake utando mwembamba wa rangi ya mafuta ya kijani chepesi kilichochanganywa na kijivu. Utando ukiwa bado mbichi, nilichovya brashi ngumu ya zamani kwenye tapentaini, nikaikung'uta kwa kidole ili matone madogo yadondoke juu ya bamba. Kila tone likigusa utando huusukuma pembeni, na weusi wa chini hujitokeza kama kisiwa chenye ukingo hafifu. Nilihesabu pumzi nne, nikagusa kwa sponji iliyochanwa ili kuvunja duara, maana tone likiachwa lenyewe hubaki duara kamili na jiwe halina maduara. Hapo ndipo vipande vilipopatikana.

Kwa mishipa nilitumia pamba ya kujazia mito, ile ya nyuzi za poliesta. Chukua kidogo, ivute kwa vidole vyote hadi iwe utando kama wa buibui wenye matundu makubwa na madogo, itandaze juu ya bamba na uibane kingo. Ukipulizia rangi juu yake kwa brashi ya hewa, kwa shinikizo dogo na kutoka mbali, nyuzi huzuia rangi na matundu huipitisha. Kwa hiyo fikiri kinyume: ukitaka mishipa myeupe, rangi iliyo chini ya nyuzi ndiyo iwe nyeupe, na unachopulizia kiwe kijani. Mimi nilipitisha ukungu mwembamba wa weupe kwanza sehemu chache tu, nikatandaza pamba juu ya sehemu hizo, nikapulizia kijani kilichokolea, na nilipoondoa pamba mtandao wa mishipa ulikuwa umebaki, mwembamba kuliko brashi yoyote. Ile ya kijani ya Ugiriki niliipaka kwa njia hiyohiyo, isipokuwa nilikuza matone na kupunguza weupe.

Oniksi ndiyo iliyochukua siku tisa. Oniksi hii ni kalisaiti iliyowekwa na maji tabaka kwa tabaka, kwa hiyo ina mikanda inayopinda pamoja, kama mistari ya mwinuko kwenye ramani. Tena bamba zake zimepangwa kwa mtindo wa kitabu kilichofunguliwa: bonge moja hukatwa bamba mbili zinazofuatana, moja ikageuzwa, na mikanda ya upande mmoja ikawa kioo cha upande wa pili. Ungio la mlalo liko katikati ya kimo, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na kwenye maketi yangu liko milimita 31 kutoka sakafuni.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kupaka bamba moja kwa rangi ya mafuta na, ikiwa mbichi, kulibana na bamba la pili kisha kulifungua kama kitabu. Niliamini ningepata kioo kamili. Nilipozitenganisha, hewa ilinyonya rangi ikaacha alama zinazochanua kama majani ya kangaga kwenye bamba zote mbili. Nilifuta kila kitu.

Njia iliyofaulu ni ya karatasi ya kunakilia. Nilichora mikanda mikuu kwa penseli laini, nikaisugua kwenye bamba la kwanza, nikaigeuza na kuisugua kwenye la pili. Rangi ya chini ilikuwa njano ya maziwa. Juu yake nilipitisha siena mbichi (rangi ya udongo ya njano-kahawia), halafu siena iliyochomwa, ambayo ni nyekundu zaidi, kila moja ikiwa nyembamba kama chai isiyokolea, nikifuata mikanda kwa brashi bapa. Utando wa mwisho ukiwa mbichi nilikwaruza mishipa ya rangi nyepesi kwa ncha ya kijiti cha meno, ili njano ya chini itokeze. Mshipa uliokwaruzwa una jambo moja ambalo mshipa uliochorwa hauna: rangi iliyosukumwa hulala pembeni mwake kama ukingo mweusi kidogo, na jicho husoma kina.

Na bamba za kioo zisifanane mno. Msumeno wa mawe hula milimita kadhaa kati ya bamba na bamba, kwa hiyo mshipa unaoingia jiweni kwa mshazari huwa umesogea kidogo upande wa pili. Nilisogeza mikanda miwili kwa nusu milimita na kuacha mshipa mmoja usiwe na mwenzake. Kabla ya hapo ukuta ulionekana kama kitenge, na baada ya hapo ukawa jiwe.

Sasa msiba. Ilikuwa katikati ya Aprili, masika yamekolea. Nilipulizia vanishi ya laka kwenye kuta za kijani saa mbili usiku, mvua ikiwa imetoka kunyesha, na ndani ya dakika chache ukungu mweupe ulitanda juu ya bamba zote nne. Tina, yaani kiyeyushi cha laka, ikiruka hupoza uso, na hewa iliyojaa unyevu huacha maji yake hapo, nayo hunaswa ndani ya laka. Kazi ya siku sita ilikuwa imefunikwa na maziwa. Sikuigusa. Nilingoja siku tatu mpaka likapatikana jua, nikapulizia ukungu mwepesi wa tina ile inayokauka polepole peke yake, laka ikalainika, ikaachia unyevu, na kijani kikarudi. Tangu hapo, wakati wa masika napulizia mchana tu, kati ya saa tano na saa tisa, na bamba nalianika juani kwa robo saa kabla.

Ndipo nakuja kwenye swali la mng'ao. Ndiyo, hupunguzwa, lakini kwa kupitia mng'ao kamili kwanza. Piga vanishi ya kung'aa tabaka nne hadi tano nyembamba, iache wiki moja, isugue kwa msasa wa maji namba 2000 hadi iwe butu yote, kisha uirudishe kwa polishi ya magari kwa kitambaa cha pamba, na uache kabla ya kufika mwisho. Ukuta uusugue zaidi ya sakafu, kwa kuwa sakafu hukanyagwa.

Bandiko #6, mchangiaji (Dar es Salaam)

Shikamoo, fundi. Mimi ndiye yule mwanafunzi aliyeuliza kuhusu karatasi. Naomba kueleweshwa: kwa nini tusichapishe picha halisi ya oniksi kwenye stika na kuibandika? Picha ya jiwe halisi haiwezi kukosea mishipa, na sisi hupewa wiki mbili tu kukamilisha maketi.

Bandiko #7, mleta uzi

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ni la haki, na kwa maketi ya wiki mbili ambayo mwalimu anataka kuona mpangilio wa vyumba, chapisha bila wasiwasi.

Lakini picha ya jiwe ina matatizo matatu kwa kazi ya kudumu. Nyingi hupigwa kutoka umbali wa mita moja au mbili, kwa hiyo zimebeba vinyweleo vyote, na zikipunguzwa mara hamsini vinyweleo hivyo huwa vumbi la kijivu linalopausha rangi nzima. Pili, printa huunda rangi kwa nukta, na mtu akisogeza uso karibu huziona nukta kabla hajaliona jiwe. La tatu ndilo linalonikera zaidi: unene wa bamba. Stika huishia kwenye kona, na pale kwenye milimita mbili za ukingo panabaki mstari mtupu unaotangaza kwamba jiwe ni ganda. Kwenye jiwe halisi mshipa hufika kwenye kona, hupinda, na huendelea kwenye ukingo kwa pembe nyingine, kwa sababu ulikuwa umepita ndani ya mwili wa jiwe. Nikipaka bamba huanza na ukingo. Kila mshipa unaofika konani naupeleka upande wa pili, hata mahali ambapo maketi ikishaunganishwa hakuna atakayeona.

Kama una muda, chukua kipande cha pespeksi cha sentimita 6 kwa 6 ujaribu jiwe lililo rahisi kuanza nalo, yaani Nero Marquina, ile nyeusi ya nchi ya Wabaski huko Uhispania. Paka kijivu kilichokolea sana chenye ubluu, usipake nyeusi tupu. Chora mishipa mitano tu. Lete picha hapa.

Bandiko #8, mchangiaji (Dar es Salaam)

Fundi, nimejaribu usiku huu na nimeweka picha hapo chini. Nimefuata panda ya manati, unene nimeubadilisha, na nimeupitisha mmoja kwenye ukingo. Hata hivyo naona kama radi angani kuliko jiwe, na siwezi kusema ni nini kimekosewa.

Bandiko #9, mleta uzi

Nimeikuza picha na kuitazama kwa makini. Mkono wako ni mzuri, na ule mshipa uliopinda ukingoni umeufanya vizuri kuliko wa kwangu wa kwanza. Kinacholeta radi ni mambo mawili. Mishipa yote mitano ina weupe wa kiwango kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na yote imeanza kwenye ukingo wa juu kama iliyoshuka kutoka sehemu moja. Jiwe halina juu wala chini. Lilikatwa na msumeno mahali popote, na mishipa ilikuwepo kabla ya kingo.

Usilifute. Changanya kijivu chako cha chini na kiowevu cha kuangazia, sehemu moja kwa nane hivi, na upake juu ya mshipa wa pili na wa nne kutoka kushoto, mara mbili kwa huo wa nne. Mshipa wa tatu ukatize katikati kwa kipande cha sentimita moja cha kijivu kisichochujuliwa, kisha uuendeleze upande wa chini ukiwa umesogea milimita moja kulia. Halafu chora mmoja mpya, mwembamba, unaoingia kutoka ukingo wa kulia na kufia ndani bila kugusa wowote. Ligeuze bamba kichwa chini kabla ya kuuchora huo wa mwisho, ili mkono usahau ulikoanzia. Vanishi usipige leo, maana nimeona mawingu upande wa bahari.